Mnaosafiri kwa gari na waume au wake zenu, mnakulaje njiani? (Arusha – Moshi – Marangu)

#1 · Mtoa mada

Habari zenu wana jukwaa. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nimeona nianzishe uzi wangu mwenyewe. Ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Kwetu ni Muheza, Tanga. Nimeolewa na Mchaga wa Marangu na tunaishi Arusha, upande wa Sakina. Huu ni mwaka wa nane. Kila baada ya wiki tatu au nne tunapanda gari kwenda kumwona mama mkwe, na mara moja kwa mwaka tunashuka Tanga kwetu. Nyumbani tunaelewana vizuri, namshukuru Mungu. Lakini tukishaingia kwenye gari, saa ya kula ikifika, tunageuka watu wengine kabisa. Kwa miaka kama mitano karibu kila safari ilikuwa na ugomvi wake, na ugomvi huo ama ulianzia mezani, ama ulianzia pale tulipoipita meza.

Mume wangu ni mtu wa nyama choma. Kwake safari bila kilo ya mbuzi haijawa safari. Mimi nyama choma naipenda pia, ila jioni, nimetulia, sina pa kwenda. Mchana kwenye gari inanikalia tumboni kama jiwe. Nikiwa njiani nataka kitu chenye mchuzi: mtori, supu, wali na samaki.

Halafu kuna tabia zetu. Mimi njaa ikinishika nanyamaza. Yeye akiona nimenyamaza anadhani nimekasirika, basi naye ananuna. Tunapita Usa River, tunapita Maji ya Chai, tunapita Kikatiti, ndani ya gari inasikika redio tu. Baadaye ananiuliza, "Utakula nini?" Namjibu, "Chochote." Ndugu zangu, hilo neno "chochote" limenigharimu. Nikilisema nilikuwa nataka aniulize mara ya pili. Yeye alikuwa analichukua kama lilivyo, anapaki mbele ya moshi wa nyama.

Sasa niwasimulie siku iliyotufanya tubadilike.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua za masika zimeshachanganya. Tulitoka Arusha saa tano hivi, tumekunywa chai ya rangi tu. Tulipofika Moshi njaa ilikuwa imetushika wote wawili, akakata kona akaingia sehemu moja ya nyama (sitaitaja, kosa halikuwa lao). Akaagiza kilo moja na nusu ya mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari. Nyama ilichukua saa nzima na zaidi. Ilipokuja tulikula kama watu waliotoka kifungoni. Hatukuzungumza. Tulimaliza mpaka mifupa.

Tukaendelea, Himo, tukapandisha kushoto kwenda Marangu. Tulifika kwa mama saa kumi kasoro.

Mama alikuwa jikoni. Lile jiko lake la nje, la mafiga matatu, na sufuria kubwa imefunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Machalari, yaani ndizi na nyama. Alikuwa amekata mkungu wa mshare mwenyewe, kwenye kihamba chake, lile shamba la nyumbani, asubuhi na mapema, na nyama alimtuma mtoto wa jirani mpaka Marangu Mtoni akanunue. Alipotuona akafurahi, akapangusa benchi kwa kanga, akaanza kupakua. Mume wangu akasema, "Mama, sisi tumeshiba, tulipitia Moshi."

Mama hakusema neno. Alikuwa ameshika mwiko, umejaa. Aliurudisha kwenye sufuria, akafunika tena yale majani, moja baada ya jingine, polepole, akayapanga kama yalivyokuwa. Halafu akauliza habari za kazi.

Nimewahi kugombezwa na wakwe na nikasahau. Ule mkono unaopanga majani sijausahau mpaka leo.

Usiku huo kwenye gari tulirushiana maneno. Mimi nikamwambia yeye ndiye aliyesimama kwenye nyama. Yeye akasema, na alikuwa sahihi, kwamba mimi nilikuwa na simu mkononi njia nzima na sikumpigia mama kumwuliza amepika au hajapika. Wote tulijua. Mama mkwe akijua mnakuja anapika, hilo halihitaji kuulizwa. Njaa ilitufanya tusahau kwamba mwisho wa barabara kuna mtu anayetusubiri na sufuria.

Tangu siku hiyo tulijiwekea utaratibu. Kwanza kabisa, simu kwa mama kabla hatujawasha gari. Akisema anapika, njiani hatuli chakula. Tunakunywa. Tukifika Moshi tunapita mkahawa wa Union, ule wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoandikishwa 1933. Kikombe kimoja kila mtu na kipande cha keki tunagawana. Napenda kunywa kahawa pale nikijua saa moja baadaye nitakuwa nimekaa chini ya migomba ya mama, na chini ya ile migomba kuna mibuni ya kahawa hiyohiyo. Siku nyingine tunanunua ndizi mbivu na parachichi Tengeru, zinatosha kutufikisha.

La pili, swali la chakula linaulizwa tukiwa tumeshiba. Tukifika Tengeru, chai bado iko tumboni, mmoja anauliza: leo unajisikia kula nini, na tusimame wapi? Mtu mwenye njaa hana subira ya kumsikiliza mwenzake, mimi nimeliona hilo kwangu mwenyewe. Na neno "chochote" tumelifuta. Ukiwa huna hamu ya kitu maalumu unasema, "Chagua wewe, mimi sitalalamika," na ukishasema hivyo hulalamiki.

La tatu ndilo lililotusaidia kuliko yote, na nimeshangaa kuona wanandoa wengi hawalitumii. Mkikaa meza moja hamlazimiki kula kutoka jiko moja. Huku kwetu sehemu kubwa za nyama zina biashara tatu nne ndani ya uzio mmoja. Bucha na jiko la nyama lina mwenyewe. Chipsi ina mwenyewe. Kuna mama wa supu na ndizi kwenye kibanda chake pembeni. Vinywaji ni vya kaunta, na kila mmoja analipwa peke yake. Zamani sisi tuliona ni usumbufu, mara mhudumu huyu anadai, mara yule. Siku hizi ndiyo raha yetu. Yeye anakwenda buchani anachagua mbavu zake, mimi nakwenda kwa mama wa mtori, tunakutana mezani. Ananimegea nyama vipande viwili, namwachia mtori wa mwisho kwenye bakuli.

Kuhusu mtori niseme neno, maana watu wa mikoa mingine wanaudharau kwa kuuona ni uji wa mgonjwa. Mtori mzuri unaanzia kwenye mfupa. Nyama ya mfupa inachemshwa mpaka inaachia, ndizi mbichi zinaivishwa kwenye supu ileile, halafu mama anazisaga kwa mwiko mpaka zinalainika. Ukipewa bakuli, uangalie juu: kuna vijicho vidogo vya mafuta vinaelea, na harufu ya kitunguu inakupiga kabla hujainama. Wachaga wanampa mzazi ili apate nguvu na maziwa. Mimi walinipa siku arobaini mfululizo nilipojifungua, na bado nikiwa safarini ndicho chakula ninachokitafuta.

Naomba wadau mchangie. Nyie mnafanyaje? Nani anaamua pa kusimama? Na wenye uzoefu wa njia ya Himo, Mwanga, Same mpaka Mombo, nisaidieni, mwezi wa kumi na mbili tunashuka Tanga.

#2 · Mdau wa Majengo, Moshi

Dada umeandika vizuri na hilo la mama mkwe limenigusa. Ila naomba nitofautiane nawe kidogo.

Mimi naendesha gari kwa kazi, na mke wangu nasafiri naye mara nyingi. Kwangu dereva ndiye anayeamua lini tunasimama. Sababu si ubabe. Abiria akishiba analala, dereva akishiba anasinzia, na hapo kuna tofauti kubwa. Kuanzia Moshi kwenda Same barabara imenyooka, jua kali, mlima uko palepale kushoto dakika arobaini. Ukiwa umekula ugali mkubwa na nyama kilo saa saba mchana, macho yanafunga yenyewe. Nimeona magari yakiwa yamelala kwenye mitaro bila kugongana na mtu yeyote.

Kwa hiyo mimi njiani nakula kidogo mara nyingi. Supu na chapati moja asubuhi, ndizi, karanga, maji. Mlo wangu mkubwa naula nikifika. Mke wangu anakula anachotaka, simzuii.

Na wanawake mtusamehe kwa kuchelewa kusimama. Mkitaka kuchimba dawa semeni mapema, msingoje mpaka kijiji kimeshapita halafu mnaanza kuhangaika kwenye kiti.

#3 · Mtoa mada

Kaka wa Majengo, nimekuelewa, na la usingizi una haki asilimia mia. Baba watoto naye siku hizi akila nyama mchana ninaendesha mimi mpaka Himo. Leseni ninayo, nilikuwa nimeiweka kabatini tu.

Ila kwenye "dereva ndiye anaamua lini" bado sijakubaliana nawe moja kwa moja. Sisi tumeligawa. Mwenye njaa ndiye anaamua *lini*. Mwingine anaamua *wapi*. Ukisikia njaa sema, na gari litasimama ndani ya nusu saa, lakini mahali atachagua mwenzako. Mwanzo nilidhani litatuletea ugomvi mpya. Kumbe aliyepewa kuchagua mahali anajitahidi mwenzake apende, maana ni yeye aliyempeleka.

#4 · Mdau wa Njiro, Arusha

Nimesoma nikaona niongeze jambo moja ambalo si la ladha wala mapenzi.

Mume wangu ana kisukari, anachoma insulini. Kabla hatujazijua dalili za sukari kushuka tulikuwa na ugomvi uleule wa mtoa mada, tena mbaya zaidi. Alikuwa anakuwa mkali ghafla bila sababu. Siku moja tunatoka Moshi kurudi Arusha, tumeshapita Kwa Sadala, akaanza kunifokea kwa sababu nilisema tusubiri tukale mjini. Nikamjibu. Tukajibizana. Nilipogeuka kumtazama, shati limelowa jasho na mikono inatetemeka kwenye usukani. Nikamwambia weka pembeni. Kwenye mkoba nilikuwa na juisi ya boksi ya mtoto. Aliinywa, na baada ya kama robo saa akawa mtu yuleyule ninayemjua, akaniuliza, "Nilikuwa nasema nini?"

Hospitali walitueleza kwamba sukari ikishuka chini ya 70 kwenye kile kipimo cha kidole (kwenye mashine nyingine inasomeka 3.9), usingoje chakula cha hotelini. Pata sukari ya haraka kama gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi. Subiri dakika 15, pima tena. Ikikaa sawa ndipo ule chakula chenyewe. Na asiendeshe mpaka itulie.

Na jambo lingine tulilojifunza kwa shida: anayechoma insulini ya chakula asiichome pale anapoagiza. Nyama inaweza kuchukua saa nzima. Ukiichoma unapoagiza na chakula kikachelewa, sukari inashuka ukiwa umekaa mezani unanusa moshi. Sisi tunasubiri sahani itue kwanza. Nanyi muulizeni daktari wenu, dawa zinatofautiana.

Mwenza wako akibadilika tabia njiani, kabla hujamjibu mtazame kwanza.

#5 · Mtoa mada

Dada wa Njiro, asante sana, na poleni. Nimemsomea mume wangu kwa sauti. Juisi ya boksi inaingia kwenye gari kuanzia leo, hata kama sisi hatujapimwa. Na kupima tutakwenda, baba yake alikuwa nacho.

#6 · Mchoma nyama, Arusha

Mimi nipo upande wa pili wa jiko. Nachoma nyama Kwa Mrombo, mwaka wa sita sasa. Nimeona watu wengi wanagombana wakiwa wanasubiri oda yangu, naomba nisaidie.

Nyama ya mbuzi ikichomwa vizuri inataka moto wa makaa uliotulia, bila mwali. Kilo moja ya mguu inakwenda dakika arobaini na tano mpaka saa. Mbavu zinawahi. Mtu akikuletea nyama ndani ya dakika kumi, jua ilishachomwa mapema, hapo imepashwa tu. Haina maana ni mbaya, ila ujue unachokula.

Nyama inapimwa ikiwa mbichi. Kwenye moto maji na mafuta yanatoka, kilo haibaki kilo. Watu wanatutuhumu kwamba tumepunguza. Njoo buchani, chagua kipande, simama kwenye mizani uone, kisha weka alama yako, funga kamba au chomeka kijiti. Mchomaji mwaminifu hakasiriki ukifanya hivyo.

Wenye safari: chukueni namba ya simu ya mchomaji mnayemwamini. Mkiwa bado Boma Ng'ombe mnapiga, "Kaka, weka mguu kilo moja, tunafika baada ya saa moja na robo." Mnakuta iko tayari inapumzika. Hakuna kusubiri, hakuna kununa. Wateja wangu wa kudumu wote wanafanya hivyo.

Na ubao ukifika mezani, mwambieni mkataji akate vipande vidogo upande mmoja na vikubwa upande mwingine. Nimegundua wanawake wengi wanapenda vidogo na vilivyokauka, wanaume wanataka vinono. Chumvi iwekwe rundo pembeni, isimwagwe juu ya nyama, maana mwenzako huenda ana presha.

#7 · Mdau wa Usa River

Asalam aleikum wote. Mimi na mume wangu ni Waislamu, na changamoto yetu ukanda huu ni kitimoto, nyama ya nguruwe. Sehemu nyingi nzuri za nyama wanauza vyote viwili. Mwanzo nilikuwa naona aibu kuuliza, mume wangu ndiyo kabisa, anaona tutawaudhi wenyeji. Tukawa tunapita sehemu baada ya sehemu mpaka tunafika na njaa, tumechukiana.

Siku hizi tunauliza waziwazi kabla hatujakaa: mnachoma kitimoto hapa? Jiko lake ni tofauti? Visu na mbao je? Nyama ya mbuzi imechinjwa na nani? Hakuna aliyewahi kutukasirikia. Wengi wanajibu kwa heshima, na mahali ambapo majiko hayajatenganishwa wenyewe wanatuambia tusile. Kwa Arusha mjini kuna Khan's, mtaa wa Msikiti. Mchana ni gereji, jioni wanatoa mkaa wanachoma kuku na mishkaki pale nje. Tunapenda kumalizia safari pale.

Na Ramadhani msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Mimi huwa naitumia, mume wangu huwa anafunga. Tulishakubaliana kwamba nikila ndani ya gari si kumkosea, naye kufunga kwake hakunihukumu mimi.

#8 · Mdau wa Moshi, KCMC

Hamjataja hotpoti. Sisi tunabeba chakula. Ila niseme kama mtu wa afya: chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Cha moto kibaki cha moto kwelikweli, juu ya nyuzi 60, au kiwe cha baridi kwenye barafu, chini ya 5. Katikati ya hapo vijidudu vinazaliana. Ule wali wa nazi mliopika saa kumi na mbili asubuhi, ukafungwa ukiwa vuguvugu, mkaula Same saa nane mchana kwenye jua lile, ndiyo unaowafanya msimame kila kilomita tano kuchimba dawa.

Kwa safari ndefu bebeni viazi vya kuchemsha na maganda yake, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, karanga, ndizi. Chakula chenye mchuzi kaleni kinapopikiwa, kikiwa kinafuka.

#9 · Mdau wa Sanawari, Arusha

Suala la bili nalo. Mimi na mchumba wangu (hatujaoana bado) kila tukila nalipa mimi, sikatai, lakini nilikuwa naanza kuchagua sehemu kwa bei bila kumwambia, naye anadhani sina ladha. Juzi tukienda Moshi nilimwambia ukweli, kwamba bajeti ya leo ni hii. Alicheka, akasema mbona hukusema, akalipia vinywaji na mafuta ya kurudia. Semeni namba kabla ya kutoka. Nimemaliza.

#10 · Mtoa mada

Ndugu wote, asanteni sana. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Nawaletea mrejesho wa Jumapili iliyopita, halafu niwaache.

Asubuhi nilimpigia mama kama kawaida. "Mama, shikamoo. Leo tule huko au tule njiani?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Marahaba mwanangu. Leo mgongo unauma, sijapika." Nilimsikia anavyoona aibu kusema. Nikamwambia asijali, tutakuja na chakula. Mume wangu alikuwa ananisikiliza, akaniashiria nimpe simu. Akasema, "Mama, vaa viatu. Tunakuja kukuchukua, tunakwenda kula Moshi."

Mama akakataa. Akasema hotelini wanaweka nini kwenye chakula hatujui. Akasema atamwachia nani kuku. Tulipofika tukamkuta amekaa kibarazani, amevaa gauni lake la kanisani na kitenge kipya, mkoba umelala mapajani.

Tulishuka naye polepole. Nilikaa nyuma, mbele akakaa mama. Mume wangu alimpigia mchomaji tukiwa Himo, kama kaka wa Kwa Mrombo alivyosema, na tulipofika nyama ilikuwa tayari. Mimi nikaenda kwa mama wa mtori. Tukamwuliza mama, yeye atakula nini? Nilikuwa nimejiandaa kusikia mtori, au ndizi, au "chochote".

Akasema, "Ile chipsi mayai wanayoisema wajukuu."

Mhudumu alimletea na tutipiki mbili. Mama alizitazama, akaziweka pembeni kwenye kitambaa, akanawa tena mikono, akaanza kumega kidogokidogo kwa vidole kama anavyomega kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage. Kila kipande alikitazama kabla ya kukiweka mdomoni. Mume wangu alitaka kumwekea tomato, nikamgusa goti chini ya meza, akaacha. Mama alikula nusu. Nusu iliyobaki akaomba ifungwe, akaiweka kwenye mkoba, akasema ni ya watoto wa jirani, wale wanaomchotea maji.

Kurudi Marangu alinisimulia mambo ambayo kwa miaka minane hajawahi kuniambia: alivyokuwa anapanda lori la kahawa na marehemu baba mkwe kushuka Moshi, na kwamba walikuwa wakifika mjini baba anamnunulia mkate na chai, wanakula wamesimama, kwa sababu kukaa hotelini ilikuwa kwa watu wengine. Mume wangu naye alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo.

Sasa wa Mwanga na Same, bado nawasubiri. Nasikia perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanakaangwa vizuri pale Mwanga. Nani ananielekeza kwa mama gani, na saa ngapi wanakuwa wametoka jikoni? Mwezi wa kumi na mbili tutakuwa watatu kwenye gari. Mama amesema anataka kuiona Muheza.